Mvua nje ya kabini, maji ndani ya tangi

Huu ni mwaka wa tatu tangu ninunue gari la shamba aina ya Kubota RTV-X1100C, na kila nikimtajia mtu asiyelijua hulazimika kulieleza kwa mikono, kwa sababu si trekta, si keri (pikapu ndogo ya mizigo), wala si pikipiki ya magurudumu manne. Ni gari fupi la watu wawili, lenye bodi ya nyuma inayoinuka kwa haidroliki na kumwaga mzigo kama tipa, injini ya dizeli ya silinda 3 iliyofichwa chini ya bodi hiyo, na, jambo lililozua maneno mengi kuliko yote hapa kijijini, kabini iliyofungwa pande zote: milango miwili yenye vioo, waipa, paa gumu na kiyoyozi. Shamba langu la mikarafuu liko upande wa Mtambile, Wilaya ya Mkoani, kisiwani Pemba, juu ya vilima vya udongo mwekundu ambavyo mvua ikinyesha nusu saa tu huwa kama vimepakwa sabuni.

Nililinunua Unguja, likiwa limeshatumika, kutoka kwa hoteli moja ya ufukweni iliyokuwa ikibadilisha vitendea kazi vyake. Kampuni ya Kubota ni ya Osaka, Japani, na ilianza mwaka 1890 kama karakana ya kusubu vyuma, lakini gari langu liliundwa Georgia, Marekani, ndiyo maana usukani wake uko kushoto. Shambani hilo halina athari yoyote, kwani hakuna wa kupishana naye isipokuwa ng'ombe. Halikuundwa kwa ajili ya barabara kuu, nami silipeleki huko. Siku lilipoteremshwa melini katika bandari ya Mkoani lilipakiwa kwenye Fuso hadi kwenye kona ya kuingilia shamba, na tangu hapo halijatoka.

Ukilitazama kwa tarakimu utalidharau. Injini yake ina sentimita za ujazo 1,123 na nguvu za farasi zisizofika 25, yaani nguvu zake ni ndogo kuliko za gari lolote la abiria linalopita barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani. Bodi hubeba kilo 500, tangi huingia lita 30 hivi, na mwendo wake wa juu ni kama kilomita 40 kwa saa, ambao sijawahi kuufikia na sina haja nao. Lakini dizeli haitoi nguvu zake kwa mbio. Huzitoa taratibu, injini ikinguruma chini chini, na hapo ndipo nusu tani ya karafuu mbichi hupanda kilima bila ya gari kulalamika. Klachi hakuna. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta kwa shinikizo, na mafuta hayo huzungusha mota inayopeleka nguvu magurudumuni, kwa hiyo ukiinua mguu kwenye pedali gari hujizuia lenyewe. Mtu aliyewahi kuteremka bonde la Pemba na keri iliyojaa, huku akinusa breki zinazoungua, atafahamu kwa nini jambo hilo moja lilinitosha kutoa fedha zangu.

Ami yangu, ambaye shamba lake limepakana na langu na ambaye kwa zaidi ya miaka 30 amebeba karafuu zake kwa gari la ng'ombe, alilizunguka mara mbili siku lilipofika. Alichungulia ndani, akagonga kioo cha mlango kwa ukucha, kisha akauliza:

"Mwanangu, hili ni gari au kabati?"

Swali lake halikuwa la mzaha mtupu. Kisanduku cha vioo katika kisiwa chenye joto na unyevu kama hiki ni jambo la kujiuliza, na mwezi wa Januari, saa saba mchana, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kabini ile haikaliki hata kwa muda wa kumaliza sigara. Nikiwasha kiyoyozi hukalika vizuri sana, ila kiyoyozi nacho huendeshwa na injini ile ile, na katika injini ya farasi 25 kila farasi anayekwenda kupoza hewa ni farasi asiyevuta mzigo. Kwenye tambarare tofauti haionekani. Kwenye mwinuko unaotoka bondeni kuja nyumbani, bodi ikiwa imejaa, unaisikia injini ikishuka sauti kama mtu aliyeongezewa gunia kichwani.

Mwanzoni nilikuwa nikikizima kabla ya kupanda, nikijiona fundi. Kumbe mvua ikinyesha, sisi wawili tukiwa ndani na nguo zilizolowa, vioo huingia ukungu kabla hatujafika nusu ya kilima, na dereva hubaki kufuta kioo kwa kiganja huku mkono mmoja ukihangaika na usukani. Kiyoyozi si starehe tu. Hukausha hewa, na hewa kavu ndiyo inayoondoa ukungu. Siku hizi hukiacha kikifanya kazi kwa kiwango cha chini hadi karibu na mguu wa kilima, nikakizima kwa ule mwinuko mkali wa mwisho ambao hauzidi mita 50, na nikifika juu nikakiwasha tena. Ni jambo dogo, lakini hakuna kitabu kilichonifundisha.

Kabini ina kazi nyengine ambayo ami hakuiona kwa kugonga kioo. Nguzo zake ni za chuma kinene na zimewekwa ili gari likipinduka lisimponde aliye ndani, kwa sharti kwamba amefunga mkanda, kwani asiyefunga hurushwa nje na huenda akalaliwa na nguzo hizo hizo. Kwa sababu hiyo simruhusu mtu kupanda kwenye bodi, na kila msimu hugombana na vijana wa uchumaji wanaoona kwamba mimi ni mchoyo wa lifti. Nawavumilia. Shamba lenye matuta, mashimo ya mizizi na udongo unaoteleza si mahali pa kupakia watu nyuma. Kero ya kweli ya kabini ni urefu wake: njia nilizozichonga kwa ajili ya mtu na ng'ombe zina matawi ya mifenesi yanayokwangua paa, na mwaka wa kwanza nilitumia panga zaidi kuliko nilivyotumia usukani.

Nilinunua gari lenye kabini kwa sababu ya vuli. Mvua za masika, za Machi hadi Mei, hutukuta na kazi ndogo shambani, lakini za vuli, kuanzia Oktoba, mara nyingi hutukuta katikati ya uchumaji. Karafuu haisubiri. Wachumaji hulipwa kwa pishi, mzigo hufika nyumbani ukiwa na makonyo yake, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, huchambuliwa usiku huo huo, na kukicha huanikwa juu ya majamvi. Karafuu mbichi zikilala ndani ya gunia hupata moto na kuvunda, na zikija kukauka huwa zimepauka na kukunjana, na kilo 3 mbichi zinazotoa takriban kilo 1 kavu hutoa kilo ambayo kwenye kituo cha kuuzia karafuu hakuna anayeitazama kwa jicho zuri. Nilitaka chombo ambacho hakitaniambia kwamba leo mvua kubwa, tungoje kesho.

Nikajikinga na mvua ya juu, nikaisahau ya chini.

Kwa kuwa gari haliendi barabarani, dizeli hulifuata lilipo. ZURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na kila mwezi unapokaribia kwisha huzuka uvumi kwamba bei itapanda, hivyo nilinunua pipa la lita 200, nikalijaza kidogo kidogo kwa madumu yaliyoletwa na keri, nikalisimamisha nyuma ya jiko, chini ya ukingo wa bati. Lilikuwa na kizibo kizuri cha kuzungusha, nami nilikikaza kwa spana. Niliona nimemaliza. Jina kamili la ZURA ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, na sijui kwa nini sikuona ishara yoyote katika kuwekwa vitu hivyo viwili chini ya paa moja.

Jioni moja ya Novemba, saa kumi na moja na nusu, tulikuwa tukipanda na magunia ya karafuu mbichi chini ya turubai. Mvua ilikuwa kubwa, waipa ilikuwa ikienda kasi yake yote, na ndani ya kabini mimi na kijana wangu tulikuwa wakavu kiasi cha kuzungumza habari za mpira. Injini ikakohoa. Ikashuka, ikapanda yenyewe bila ya mimi kugusa pedali, ikakohoa tena, ikazima. Nilipovuta stata ilishika kwa sekunde mbili, ikatoa moshi mweupe, ikafa, na baada ya hapo tukabaki na sauti moja tu, ya mvua juu ya paa. Nakumbuka nilikaa pale nikiwa nimeshika usukani, mkavu kabisa, na sina pa kwenda.

Aliyekuja kutuokoa ni ami. Ng'ombe wake walifanya safari mbili, yeye akitembea mbele yao na mfuko wa nailoni kichwani, na magunia ya mwisho yalifika ukumbini baada ya Magharibi. Hakusema neno usiku ule, na kimya hicho kiliniuma zaidi.

Fundi alikuja asubuhi kwa pikipiki, spana zake zikiwa ndani ya kipolo. Hakuanza na stata wala betri. Alifungua filta ya dizeli, akaomba gilasi ya chai, akamimina humo kilichokuwemo, akaiweka gilasi juu ya jiwe na kusema tungoje. Baada ya dakika chache vilijitenga: juu dizeli ya rangi ya asali nyepesi, chini maji, zaidi ya nusu ya gilasi, yenye chembe za kutu, na baina ya viwili hivyo utando mwembamba wa rangi ya kahawia unaonatanata ukiugusa. Alinieleza kwamba ule ni uhai, vijidudu vinavyoishi pale pale maji yanapokutana na dizeli, na kwamba wao, mbali na maji yenyewe, ndio huziba filta.

Ami, aliyekuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa, aliitazama gilasi kwa muda. "Ng'ombe wangu hunywa maji kila siku," alisema, "na hutembea."

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Huibana hewa peke yake, zaidi ya mara 20, hadi hewa ile inakuwa na moto wa kutosha, ndipo nozeli inaporusha dizeli kama ukungu na ukungu huo ukawaka wenyewe. Dizeli hiyo hiyo, kabla ya kuungua, ndiyo inayolainisha pampu na nozeli, vyuma vinavyosuguana kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Maji hayalainishi chochote. Huleta kutu, na yakifika kwenye ncha ya nozeli yenye moto hugeuka mvuke ghafla na kuitafuna. Tulimwaga tangi lote, tukalisafisha, tukabadilisha filta, tukatoa upepo kwenye mabomba, na nozeli mbili zikapona. Ya tatu ilikuwa imekwisha. Spea ilitoka Dar es Salaam na kunifikia baada ya siku 11, na katika siku hizo 11, msimu ukiwa umepamba moto, mzigo wangu wote ulibebwa na gari la ng'ombe, kwa malipo ambayo ami alikataa kuyataja na mke wangu akayatuma kwa mke wake kwa njia za wanawake.

Jambo lililonishangaza ni kwamba fundi hakuuliza dizeli nimeinunua wapi. Mimi nilikuwa nimeshatayarisha lawama za kumtupia muuzaji. Yeye aliuliza pipa liko wapi, akazunguka nyuma ya jiko, akachovya vidole juu ya mfuniko, akanionesha. Pipa la chuma lina ukingo ulioinuka pande zote za juu, kwa hiyo likisimama wima mvua hutuama pale kama kwenye sinia, na kizibo huwa kimezama ndani ya maji hayo. Mchana jua hulipiga pipa, hewa iliyomo hutanuka na kutafuta njia ya kutoka. Usiku pipa hupoa, hewa hunywea, na pipa hufyonza kutoka nje chochote kilichopo penye kizibo. Kama ni hewa, hufyonza hewa yenye unyevu wetu huu wa Pemba. Kama ni maji, hufyonza maji. Mpira wa kizibo ukiwa umechoka kidogo tu, spana haisaidii. Pipa langu lilikuwa likipumua kila siku na kunywa kila usiku tangu mvua zianze, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, yalishuka chini, pale hasa mpira wangu wa kunyonyea ulipokuwa ukigusa.

Sasa pipa limelazwa ndani ya banda juu ya magogo mawili, bomba likiwa mbele na upande huo umeinuliwa vidole vinne, ili maji yoyote yakusanyike nyuma badala ya kuja bombani. Dizeli mpya huachwa itulie siku nzima kabla ya kuguswa. Kitambaa nilichokuwa nikichujia kwenye faneli, nikijivunia, huzuia takataka tu na hakimzuii adui mwenyewe, kwa hivyo kila Ijumaa baada ya Sala huteka gilasi moja, nikaiweka juu ya lile lile jiwe na kungoja. Tangi la gari nalo hulijaza jioni, kazi ikimalizika, badala ya asubuhi, kwani tangi lenye nafasi kubwa tupu hutoa jasho kwa ndani usiku kucha.

Mengine ni matunzo ya kawaida na sitayarefusha. Gari hili huhesabu saa za kazi badala ya kilomita, nami hubadilisha oili kila baada ya saa 100, ingawa najua wapo wanaongoja zaidi. Majani makavu ya mkarafuu hupenda kulala kwenye rejeta, hivyo huyaondoa kwa mkono kila siku ya uchumaji. Filta ya hewa ya kabini, ambayo nusu ya wenye magari kama haya huenda hawajui kuwa ipo, huziba kwa vumbi la makonyo hadi kiyoyozi kinapumua kama mgonjwa wa pumu, na dawa yake ni kuitoa na kuigonga ukutani. Hewa yetu ina chumvi hata huku vilimani, na bawaba za milango zisipopata grisi huanza kulia kabla ya kuota kutu, nazo hunitosha kuwa ukumbusho.

Vuli ya mwaka jana mvua ilitukuta uwanjani mchana, karafuu zikiwa zimeshakauka na zimo ndani ya magunia, zinangoja kupelekwa ghalani. Karafuu kavu ikipata maji ni kazi yote kurudi nyuma, na turubai lilikuwa limefunikia zile ambazo bado zilikuwa majamvini. Nikatia gunia moja kwenye kiti cha abiria na kulifunga mkanda. Nilipokuwa nageuza gari nilimwona ami akija upenuni mwa mikarafuu, amelowa hadi kwenye kofia, ng'ombe akiwa amewaacha chini ya mwembe. Nikafungua mlango.

"Panda, ami."

Alisimama kidogo, akilitazama lile gunia lililoketi mahali pake. Kisha akalifungua mkanda, akaketi, akalipakata kama mtoto, akafunga mlango. Ndani ya kabini harufu ya karafuu ilikuwa kali hata macho yakitutoka machozi sote wawili, na vioo vilikuwa vimeanza kuingia ukungu. Nikawasha kiyoyozi. Ami akajikunyata.

"Pipa umelilaza?"

"Nimelilaza, ami."

"Basi twende."